Mapambo ya Krismasi kwa Mabua ya Ngano

Ukisafiri kutoka Karatu kuelekea Ngorongoro katikati ya mwaka, utaona mashamba ya ngano yenye rangi ya dhahabu. Wakati wa mavuno punje hupelekwa ghalani, nayo mabua hubaki. Mengine huliwa na ng'ombe, mengine huozea shambani. Ukihifadhi fungu dogo la mabua hayo mahali pakavu hadi mwezi wa Desemba, utaweza kuipamba nyumba au darasa bila kununua kitu. Huko Ujerumani na Uswidi watu hutengeneza nyota za mabua kila Krismasi.

Chukua bua moja kavu ulichunguze. Lina vifundo, na kati ya kifundo na kifundo lina uwazi kama bomba. Sasa likunje. Limevunjika, sivyo? Chukua la pili, liloweke katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa, kisha likunje polepole. Safari hii limepinda tu. Bua limejengwa kwa nyuzinyuzi nyingi. Zikiwa kavu, nyuzi hizo hushikana na kuwa ngumu. Maji yakipenya kati yake, hulegea. Wasusi wa mikeka wanaijua sana siri hii, na ndiyo sababu hulowesha ukindu kabla ya kuusuka.

Kata vipande 4 visivyo na vifundo, kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 12. Viloweke, kisha vibonyeze viwe bapa. Pandanisha viwili mfano wa alama ya kujumlisha. Pandanisha viwili vingine vivyo hivyo, uviweke juu ya vile vya kwanza ili ncha zake ziingie katika nafasi zilizo wazi. Mwombe mwenzako akandamize katikati kwa kidole. Zungusha uzi, ukiupitisha juu ya vipande vya juu na chini ya vipande vya chini, mpaka urudi ulikoanzia, kaza, ufunge. Umepata nyota ya ncha 8. Ilaze chini ya kitabu kizito mpaka kesho.

Kesho yake ushike uzi ule. Huenda ukakuta umelegea kidogo. Je, uzi umerefuka? La. Mabua yalikuwa yamevimba kwa maji, na sasa yamekauka na kunywea. Hapo tutahitaji gundi, nayo pia tutaipata katika ngano.

Koroga kijiko 1 cha unga wa ngano katika vijiko 5 vya maji baridi. Ukiuacha mchanganyiko huo utulie, unga utatuama chini. Ukoroge tena, kisha mwalimu au mzazi aupashe moto polepole huku ukikorogwa bila kukoma. Baada ya muda mfupi utakuwa mzito na wenye kunata. Unga una punje ndogo sana za wanga. Katika maji baridi punje hizo hazibadiliki sana, lakini joto likizidi nyuzi 60 hivi, hufyonza maji, huvimba na kupasuka. Gundi ikipoa, tia tone moja katikati ya nyota. Usitengeneze nyingi, kwa maana wanga ni chakula, na kuvu huota juu yake baada ya siku chache, hasa wakati wa mvua za vuli.

Karatasi za daftari zilizokwisha tumika nazo zafaa: zikate vipande vyembamba, uviunganishe kwa gundi hiyo viwe mnyororo.

Watoto wengi hupenda kutunga mbegu katika uzi. Tumia maharage au mahindi. Usiguse kamwe mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ziitwazo tipitipi, wala mbegu za nyonyo. Zinapendeza mno, lakini ndani yake mna sumu kali inayoweza kuua. Gamba gumu huizuia sumu hiyo isitoke. Ukilitoboa kwa sindano, umeifungulia njia.

Jihadhari na moto pia. Bua ni jembamba na lina hewa ndani na nje, kwa hiyo huwaka upesi kuliko kijiti. Nyota isitundikwe karibu na mshumaa au koroboi.

Je, nyota tuzitundike wapi? Tumia uzi uliofungwa ukutani, au mti ulio hai uani. Usiende kukata matawi katika msitu wa Ngorongoro. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1959, na kukata miti humo bila kibali ni kosa. Isitoshe, ukingo wa kreta una kimo cha zaidi ya mita 2,200, na ukungu hupita huko mara kwa mara. Majani ya miti huunasa ukungu, nao hudondoka chini kama matone na kupenya ardhini. Chemchemi zinazowapa maji watu wengi wa Karatu zinategemea msitu huo.

Maswali

1. Kwa nini hatukutumia sehemu ya bua yenye kifundo?

2. Pima bua kavu kwa mizani, liloweke, kisha ulipime tena. Uzito umebadilika kwa kiasi gani?

3. Tia tone la iodini katika gundi yako. Umeona rangi gani? Rangi hiyo inaonyesha nini?

4. Weka gundi kidogo mahali pakavu na nyingine mahali penye unyevu. Ni ipi iliyotangulia kuota kuvu?