Mtoto Wako Anaenda Kambi: Uulize Nini?

Mama, kijana wako amekuja na habari: vijana watatoka siku ya tano jioni, watalala porini usiku mbili, watarudi siku ya Mungu mchana. Anaomba ruhusa na blanketi. Mama wengi wanauliza tu, "Nani mwingine anaenda?" Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi.

Uliza kwanza njia iko namna gani. Huku Djugu, tangu vita vilipoanza tena mwisho wa 2017, tumejifunza kutosafiri kwa kubahatisha. Kama chifu wa kule hajakubali, kambi ifanyike ndani ya lupango la kanisa au la shule. Vijana watafurahi vilevile.

Halafu, watakunywa maji gani? Upande wetu wa Iga Barrière watu wanachimba dhahabu. Kuchemsha maji kunaua wadudu wa kuhara, lakini hakuondoi zebaki, yale maji mazito ya rangi ya fedha ambayo wachimbaji wanatumia kushika dhahabu. Kwa hiyo maji ya mto unaopita kwenye machimbo yasinywewe, hata yakichemshwa. Yachotwe kwenye chemchemi iliyojengwa, yachemke kabisa dakika moja, yawekwe katika bidoni safi yenye kifuniko. Na yale mashimo ya dhahabu yaliyoachwa, yakijaa mvua, vijana wanayaona kama mahali pazuri pa kuoga. Kingo zake zinabomoka, kina chake hakijulikani. Hata anayejua kuogelea anaweza kufa mle.

Watalala wapi? Wasilale chini katika nyumba iliyoachwa wala karibu na ghala ya mahindi, sababu ya panya. Hapa Ituri tauni inajulikana tangu miaka ya 1920. Panya akikufa, viroboto wake wanamwacha na kutafuta damu nyingine, na mtu anayelala chini ndiye aliye karibu. Panya aliyekufa asiguswe kwa mkono. Kijana akirudi, na ndani ya juma moja anapata homa kali na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena, kwapa au shingo, mpeleke kituo cha afya siku ile ile, usingoje kesho. Dawa iko, nayo inaponya ikianzwa mapema.

Chandarua kifungwe hata ndani ya tenti. Malaria haionekani kesho yake; mara nyingi inakuja baada ya juma moja au mbili, wakati mama amekwisha kusahau kambi. Umwambie mganga kwamba mtoto alilala porini.

Sasa jambo ambalo mama wengi wanaficha. Kama mtoto wako iko na kifafa, usimkataze kwenda, lakini usifiche. Kiongozi ajue. Dawa ameze kila siku, asilale karibu na moto, asioge mtoni peke yake. Akianguka, wamgeuze ubavu, wasimtie kitu mdomoni. Wasiogope kumshika, kifafa hakiambukizi! Na mtoto wa SS apate maji mengi na blanketi mbili, asioge maji baridi.

Kama mabinti wanaenda, mama wazima wawili waende pamoja nao na walale upande wao. Wengine wanasema mmoja anatosha. Huyo mmoja akiugua usiku, nani anabaki na mabinti?

Sabuni isisahauliwe, wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, sisi wote tulijua kunawa mikono. Mtu akiharisha, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe. Anywe kila mara anapotoka chooni. Akiharisha damu, au macho yamezama na hawezi kunywa, asingoje siku ya Mungu. Pikipiki itafutwe mara moja. Basi mbele ya kumpa kijana blanketi, uliza pia kama kiongozi ameweka pesa ya pikipiki.