Dawa Iliyokosekana Nayo Iandikwe: Mifumo ya Taarifa kutoka Dukani hadi Kituo cha Afya

Utangulizi

Mwimbi ni kata ya Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa. Wakazi wake wengi ni wakulima wa mahindi na maharage. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapowakusanya watu kuuzunguka moto ndani ya nyumba, vikohozi vya watoto ni jambo la kawaida katika maeneo ya namna hii.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama mmoja anafika katika kituo cha afya kilichopo kwenye mazingira kama hayo akiwa na mtoto wa miaka miwili. Tabibu anahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, anakuta zimezidi 40, anatambua kuwa ni nimonia na kuandika amoksisilini. Kwenye dirisha la dawa mama anajibiwa: "Pole, mama. Dawa imeisha. Jaribu duka la dawa." Anakwenda. Huko nako vidonge vya watoto vimekwisha tangu juzi. Mwenye duka anampa pole, kisha anavuta daftari lililo kando ya mezani na kuandika: amoksisilini ya watoto, imeulizwa, haipo. Akienda mjini kununua mzigo, dawa hiyo itakuwa juu ya orodha yake.

Kule kituoni hakuna aliyeandika lolote. Mama aliondoka, na haja yake ikaondoka pamoja naye.

Makala haya yanaeleza kwa nini mstari mmoja katika daftari la mwenye duka una thamani kubwa, na namna somo ambalo wanafunzi wa biashara hufundishwa mwanzoni mwa masomo yao, yaani somo la mifumo ya taarifa, linavyoweza kuwasaidia watumishi wa afya na wagonjwa wenyewe.

Mfumo wa taarifa ni nini?

Watu wengi wakisikia neno "mfumo" hufikiria kompyuta. Ndiyo maana tumezoea kuambiwa, "mfumo uko chini", pindi intaneti inapokatika. Somo la biashara hulitazama jambo hili kwa upana zaidi. Mfumo wa taarifa ni mpangilio mzima unaokusanya data, kuihifadhi, kuichambua na kuifikisha kwa mtu mwenye kuamua. Una sehemu tano: watu, taratibu, data, vifaa na programu. Duka lisilo na umeme lina mfumo wa taarifa iwapo mwenye duka huandika kila anachouza, hujumlisha kila jioni, na huagiza kwa kufuata jumla hiyo. Kinyume chake, ofisi yenye kompyuta kumi inaweza kukosa mfumo ikiwa hakuna anayesoma kilichoandikwa.

Ni muhimu pia kutofautisha data na taarifa. "Vidonge 20, tarehe 3 Juni" ni data. "Vidonge tulivyonavyo vitaisha kabla ya mwezi kwisha" ni taarifa, kwa kuwa inamwezesha mtu kufanya uamuzi leo.

Katika biashara, mfumo hufanya kazi kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kunakili kila muamala wakati unapotokea. Wakala wa fedha za simu anaijua vizuri: kila anapotoa au kupokea fedha, ujumbe huja na salio jipya. Ngazi ya pili ni muhtasari wa mwezi, unaomwonyesha msimamizi nini kimeongezeka na nini kimepungua. Ngazi ya tatu ni uamuzi wa muda mrefu, kwa mfano iwapo duka liongeze akiba kabla ya msimu wa baridi. Ngazi za juu hazina macho yao wenyewe. Huona kile tu ambacho ngazi ya kwanza imekiandika.

Duka la dawa muhimu: biashara iliyo jirani na tiba

Mkoa wa Rukwa una historia ya pekee katika jambo hili. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, ukiwa na lengo la kuyageuza maduka ya dawa baridi ya vijijini yawe mahali pa kupata dawa zenye ubora kutoka kwa watoa dawa waliofunzwa. Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuufuata. Kutunza kumbukumbu ni sehemu ya masharti ya maduka hayo.

Hata hivyo, mwenye duka makini huenda mbali kuliko masharti. Huandika alichouza, na pia huandika alichoulizwa akakikosa. Katika lugha ya biashara hayo ni mauzo yaliyopotea. Kwake yeye ni hasara ya fedha, na hasara humfundisha mtu haraka. Katika kituo cha afya, dawa inayokosekana haiondoi shilingi mfukoni mwa mtumishi. Hasara hiyo huibeba mgonjwa, naye hana daftari la kuiandika.

Safari ya taarifa kutoka kituoni

Vituo vyetu vina mfumo, tena wa siku nyingi. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kama MTUHA, ulianza kuenea nchini katika miaka ya 1990. Watumishi wanavifahamu vitabu vyake kwa namba: Kitabu cha 4 ni leja ya dawa na vifaa, Kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, Kitabu cha 6 ni cha wajawazito, na Kitabu cha 12 ni cha wanaojifungua.

Kila mwezi, jumla za vitabu hivyo huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2. Asili yake ni kazi iliyoanza Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kukoma mwaka 1994, ikaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwa kushirikiana na vyuo vya nchi nyingine, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maombi ya dawa nayo hupita katika mfumo wa kielektroniki wa ugavi, yakitoka kituoni kwenda wilayani, na kutoka wilayani kwenda Bohari ya Dawa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Bohari ikikosa bidhaa, upo utaratibu wa mshitiri unaojulikana kama Jazia, ulioanza mkoani Dodoma mwaka 2014, ambao huviwezesha vituo kununua kilichokosekana kwa msambazaji aliyeidhinishwa.

Kwa hiyo, mstari ulioandikwa na muuguzi katika kata ya mpakani mwa Zambia unaweza kusomwa Matai, Sumbawanga na Dodoma. Mstari ambao haukuandikwa hausomwi popote.

Hesabu za kweli, jibu la uongo

Tuurudie mfano wetu kwa namba. Mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia isiyo kali hupewa vidonge viwili vya amoksisilini vya miligramu 250, mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Jumla ni vidonge 20. Tuseme kituo huwahudumia watoto 30 wa namna hiyo kila mwezi. Mahitaji ya mwezi ni vidonge 600, na ya miezi miwili ni 1,200.

Sasa tuseme kituo kilipokea vidonge 600 kwa miezi miwili. Vikaisha siku ya 30. Watoto 30 wa mwezi wa pili wakaelekezwa dukani. Mwisho wa kipindi, leja inasema: vilivyopokelewa 600, vilivyotumika 600, salio sifuri. Mwagizaji anagawa 600 kwa miezi miwili, anapata matumizi ya vidonge 300 kwa mwezi, kisha anaagiza 600 kwa miezi miwili ijayo. Navyo vitaisha siku ya 30.

Kila namba katika leja hiyo ni sahihi, lakini jibu lililotokana nazo ni la uongo. Upungufu umejigeuza kuwa kipimo cha mahitaji, na kila agizo jipya linauzaa tena.

Tiba ya kosa hili ni siku za ukosefu. Kama mtumishi aliandika kuwa dawa haikuwapo kwa siku 30 kati ya 60, hesabu hubadilika: vidonge 600 vilitumika katika siku 30 za kuwapo kwa dawa, yaani 20 kwa siku. Kwa siku 60 ni 1,200. Hayo ndiyo mahitaji halisi. Ndiyo sababu ripoti ya maombi ya dawa inahitaji idadi ya siku ambazo dawa haikuwapo, sehemu ambayo watumishi wenye haraka huiacha wazi au huijaza sifuri.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja niliyofanyia kazi, dawa fulani ya watoto ilikosekana kwa muda mrefu. Tulipokaa kupanga maagizo, mmoja wetu alisoma leja na kusema kwa nia njema kabisa: "Hii haitumiki hapa, tuipunguze." Matumizi yalikuwa sifuri kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa sifuri. Wauguzi wa wodi walipinga, kwa kuwa waliwakumbuka watoto waliotumwa nje kuitafuta. Hatukuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha neno lao. Tangu siku hiyo sijaiamini tena sifuri ambayo haina maelezo.

Mahitaji yasikuzwe

Wapo wanaojibu tatizo hili kwa kuongeza namba: anayehitaji 600 anaandika 2,000, akitumaini kupata angalau nusu. Njia hii ina madhara yake. Dawa zikija zote, nyingine zitaisha muda wake rafuni, huku kituo jirani kikikosa. Aidha, wilaya ikishagundua kuwa namba zako hukuzwa, hata siku utakapoandika ukweli utapunguziwa.

Ni haki pia kukiri kwamba taarifa sahihi peke yake haileti dawa. Fedha za kituo zinaweza kupungua, barabara zikaharibika wakati wa masika, Bohari nayo ikaishiwa. Lakini kituo chenye siku za ukosefu zilizoandikwa kina hoja mbele ya kamati yake ya usimamizi na mbele ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Kituo kisicho nazo kina malalamiko tu.

Mambo ya kufanya kwa watumishi

Kwanza, iandikeni tarehe dawa ilipokwisha na tarehe iliporudi, siku ileile, katika leja.

Pili, wekeni daftari dogo kwenye dirisha la dawa. Kila mgonjwa anayeondoka bila dawa aliyoandikiwa ahesabiwe: tarehe, dawa na kiasi. Jina halihitajiki.

Tatu, linganisheni vitabu. Kama Kitabu cha 5 kinaonyesha watoto 60 wenye nimonia na leja inaonyesha dozi 30, hizo dozi 30 zilizokosekana zinahitaji maelezo kabla ya ripoti kutumwa.

Nne, itazameni ripoti yenu wenyewe kabla ya kuituma. Taarifa inayokwenda wilayani bila kusomwa kituoni humfanya mtumishi awe karani wa watu wengine.

Mambo ya kufanya kwa wagonjwa na walezi

Mgonjwa naye ni sehemu ya mfumo huu. Tumia jina moja kila unapokwenda kituoni. Mtu anayejiandikisha kwa jina la baba mwezi huu na kwa jina la utani mwezi ujao huwa wagonjwa wawili, na historia yake hukatika. Beba kadi ya kliniki ya mtoto kila safari, hata mnapokwenda kwa ndugu wilaya nyingine. Taja kijiji unakotoka kwa usahihi, kwani ndivyo mlipuko wa ugonjwa unavyogunduliwa ulipoanzia. Ukiambiwa dawa imeisha, uliza kwa upole: "Je, imeandikwa kwamba nimeikosa?" Swali hilo ni haki yako. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akivutwa mbavu ndani anapopumua, akipata degedege au akilegea, usizunguke madukani kutafuta dawa. Mrudishe kituoni mara moja ili apewe rufaa.

Wapo wanaoficha majina kwa kuogopa siri zao kutoka. Hofu hiyo ina msingi, na wajibu wa kuiondoa ni wa watumishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na zenye kustahili ulinzi wa pekee. Kitabu kisiachwe wazi mezani, na majibu ya vipimo yasisomwe kwa sauti kwenye foleni. Mgonjwa anayeamini kuwa siri yake inatunzwa hutoa taarifa sahihi.

Hitimisho

Mwenye duka hahitaji shahada ili ajue kwamba kilichokosekana nacho kina namba yake. Kituo cha afya kinaweza kuanza kufanya hivyo kesho asubuhi kwa daftari la kawaida na kalamu, kikisubiri kompyuta au kikiwa nayo. Mama wa mfano wetu aliondoka bila dawa, na siku ile pengine hilo halikuzuilika. Lakini mstari mmoja ungeandikwa kwa ajili ya mtoto wake, ungekuwamo katika agizo lililofuata, na mtoto wa jirani yake asingetumwa dukani.