Tangi la Maji Nyuma ya Trekta: Lijae, Liwe Nusu, au Liwe Tupu?

Kiangazi kikishika visima vya karibu hukauka, na vijiji vingi hutegemea trekta. Tangi hufungwa juu ya tela, trekta huenda mtoni au kwenye bomba la kijiji cha jirani, na maji huletwa nyumbani. Ukiitazama kazi hii kwa mbali unaona ni nyepesi. Lakini keti na madereva wawili watatu chini ya mwembe, uwaulize swali moja tu: maji yapakiwe kiasi gani? Hapo utasikia ubishi. Mmoja atasema, "Mimi najaza nusu, trekta lisichoke." Wa pili atasema, "Jaza mpaka mdomoni, maji yaliyojaa hayana matata." Wa tatu atacheka: eti maji ni maji tu, kinachotakiwa ni dereva mwenye moyo.

Huyo wa tatu tumwache. Lakini wale wawili wa kwanza kila mmoja ana ukweli wake, na ukweli wa mmoja bila wa mwenzake unaweza kuua mtu. Basi tuutazame ubishi wao taratibu, kwa hesabu.

MAJI NI MZIGO

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hesabu hii ni rahisi kuliko ya mahindi au pamba. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Pipa la lita 200 ni kilo 200, na pipa lenyewe la chuma lina kilo 20 hivi. Lita 1,000 ni tani moja kamili. Watu husahau jambo hili kwa sababu maji hayaonekani kama mzigo. Mtu akiona magunia 22 ya kilo 100 juu ya tela atasema, "Bwana, umezidisha." Akiona tangi hasemi neno.

Sasa chukua utepe wa kupimia ukapime tangi la kijiji chenu. Kama ni la mraba, zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa meta, halafu zidisha kwa 1,000. Utapata lita. Kama ni la duara kama pipa lililolazwa, pima upana wa duara lake. Zidisha upana huo kwa upana huo huo, halafu kwa 0.785, halafu kwa urefu wa tangi, mwisho kwa 1,000.

Tuseme upana wa duara ni meta 1.2 na urefu ni meta 2. Basi 1.2 mara 1.2 ni 1.44. Mara 0.785 ni 1.13. Mara 2 ni 2.26. Tangi hilo linachukua lita 2,260, yaani kilo 2,260 za maji. Tela lenyewe pamoja na chuma cha tangi tuseme ni kilo 800. Jumla ni kilo 3,060, zaidi ya tani tatu.

Trekta la nguvu za farasi 60 au 70 lina uzito wa tani mbili na nusu hivi. Kwa hiyo mzigo ulioko nyuma ni mzito kuliko trekta linalouvuta. Kuvuta litavuta, hilo halina ubishi, maana matrekta yameumbwa kuvuta. Swali ni kusimama. Matrekta mengi ya vijijini yana breki kwenye magurudumu ya nyuma peke yake, na matela mengi hayana breki hata kidogo. Hapo trekta moja linajisimamisha lenyewe na kumsimamisha mwenzake aliye mzito kuliko lenyewe. Sisi tunaona tela lisilo na breki, pamoja na mzigo wake, lisizidi uzito wa trekta. Na mwendo uwe mdogo. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne, si mara mbili. Dereva aliyezoea kusimama vizuri kwa kilometa 10 kwa saa asidhani kwamba kwa kilometa 20 atahitaji breki mara mbili tu.

MAJI HUTEMBEA

Mpaka hapa dereva wa kwanza ameshinda: punguza maji, trekta lisielemewe. Lakini ngoja.

Gunia la mahindi ukilifunga kamba linatulia. Maji hayafungwi kamba. Tangi likiwa nusu, maji yana nafasi ya kukimbia. Ukikanyaga breki, trekta linapunguza mwendo lakini maji yanaendelea na safari. Yanakwenda mbele yote kwa pamoja, yanapiga ukuta wa tangi, na tela linamsukuma dereva mgongoni. Kisha yanarudi nyuma na kupiga ukuta wa pili. Ukikata kona, maji yanapanda upande wa nje. Tela linainama upande huo, na kwa kuwa limeinama, maji yanazidi kukimbilia huko huko. Ndivyo tela linavyopinduka kwenye kona ambayo jana lilipita salama na mzigo wa matofali wenye uzito ule ule.

Kina mama waliijua elimu hii kabla matrekta hayajaja. Mama anapotoka kisimani na ndoo kichwani huweka majani juu ya maji, au huelekeza kibakuli kielee. Si pambo lile. Majani yanazuia uso wa maji usicheze, na maji yasipocheza hayamwagiki wala hayamyumbishi shingo. Chukua sinia uweke maji kidogo, utembee nalo hatua kumi. Halafu chukua chupa ukaijaze mpaka kizibo, utembee nayo hatua zile zile. Ndani ya sinia maji yanakuchezea. Ndani ya chupa yametulia kama jiwe, kwa sababu hayana pa kwenda.

Basi dereva wa pili naye ana haki. Tangi lililojaa limetulia kuliko lililo nusu, ingawa ni zito zaidi. Na tangi tupu ndilo salama kuliko yote.

Sasa tufanyeje? Wengi hukosea hapa kwa kuchagua katikati. Wanaona tangi la lita 2,260 ni zito mno, wanatia lita 1,200, wanadhani wamepunguza hatari. Wamepunguza uzito, lakini wameyapa maji uwanja wa kuchezea mpira. Jibu lililo bora ni kutumia chombo kidogo na kukijaza, si chombo kikubwa na kukitia nusu. Mapipa saba ya lita 200, yaliyojaa na kufungwa vizibo, ni lita 1,400. Pamoja na uzito wa mapipa na tela kama lile letu, jumla ni kilo 2,340, na trekta letu linauweza mzigo huo. Maji ya pipa moja hayawezi kukimbilia pipa jingine. Lakini uyafunge mapipa kwa kamba au mnyororo, yasimame karibu karibu, maana pipa linaloviringika ni balaa lingine.

Tunajua litakaloulizwa kwenye mkutano wa kijiji. Sera ya Maji ya Taifa ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitaja lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 150. Tangi kubwa lililojaa linatosha nyumba 15. Mapipa saba yanatosha nyumba 9. Nyumba sita zitangojea safari ya pili, na dizeli ya safari ya pili ni fedha. Mwenye nyumba ya kumi hatafurahi, na hatumlaumu. Lakini anayekaa kwenye kiti cha trekta ni mtu mmoja, na huyo ndiye mkutano ungemuuliza kwanza, si mwisho.

Kijiji kikitaka kuendelea na tangi kubwa, liko fundi wa kuchomelea. Kwanza tela litiwe breki. Pili, ndani ya tangi zichomelewe kuta mbili za bati nene zenye matundu. Maji yanapita kwenye matundu polepole, hayawezi kukimbia kwa kishindo. Tundu moja liwe chini kabisa ili maji yote yatoke, na jingine juu ili hewa ipite. Angalizo: tangi lililowahi kuchukua petroli au dizeli lisipelekwe kwa fundi kimya kimya. Mvuke wa mafuta hubaki ndani na hulipuka moto wa kuchomelea unapoukuta. Wala tangi la namna hiyo, au lililochukua dawa ya wadudu, lisitumiwe kwa maji ya kunywa, hata lioshwe mara kumi.

Hata ukiondoka umejaza, kumbuka kwamba ukianza kugawa maji nyumba kwa nyumba, tangi linakuwa nusu njiani. Kwa hiyo sehemu ya hatari si ile ya kwanza ulipoondoka kisimani na watu wakikuangalia. Ni ile ya katikati, unapodhani mzigo umepungua na unaanza kuongeza moto. Panga zamu ili nyumba zilizo mlimani au penye kona mbaya zipewe maji kwanza au mwisho, zisiwe katikati.

MTEREMKO

Kabla ya kutoka shambani kwenda barabarani, unganisha zile pedali mbili za breki kwa komeo lake. Shambani dereva hukanyaga moja ili kukata kona. Barabarani akikanyaga moja, trekta linageuka ghafla na tela linalipanda.

Teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo, na uitie kabla mteremko haujaanza. Usikanyage klachi katikati ya mteremko kutafuta gia nyingine. Ukiikosa, umebaki kwenye nyutro na tani tatu nyuma yako. Wako madereva wanaoteremka kwa nyutro makusudi, eti wanaokoa dizeli. Dizeli wanayookoa haijai kikombe.

Kwenye mkokoteni wa ng'ombe au punda mambo ni hayo hayo, ila mwenye kuumia ni mnyama kwanza. Mapipa yakikaa nyuma sana ya ekseli, nira inanyanyuka na kuwakaba koo. Yakikaa mbele sana, shingo zinalemewa. Yapange mpaka mtu mmoja aweze kuinua mti wa mkokoteni kwa kujikaza kidogo. Penye mteremko funga gogo nyuma liburuzike.

KUFUNGA NA KUFUNGUA

Tela hufungwa kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, nyuma ya trekta. Lisifungwe kwenye kiungo cha juu, wala mahali popote palipo juu ya ekseli ya nyuma. Ukivutia juu, magurudumu ya mbele yananyanyuka na trekta linaweza kumpindukia dereva kwa nyuma kabla hajafika klachi. Pini itiwe kifungo chake, si msumari uliopindwa, na mnyororo wa akiba uwepo.

Tazama pia mzigo umekaa wapi. Kwenye tela la magurudumu mawili uzito uegemee mbele kidogo, ulimi wa tela uikalie trekta. Huko Marekani familia nyingi huenda likizo zikivuta kwa gari nyumba ndogo ya magurudumu, yenye kitanda, jiko na matangi ya maji. Ubishi wao ni huu huu wetu: wasafiri na maji au wajaze wakifika? Lita 150 tu za maji ni kilo 150, na tangi likiwa nyuma ya ekseli ulimi unakuwa mwepesi, na nyumba nzima inaanza kuyumba kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Wana barabara za lami na matairi mapya, na bado maji yanawasumbua.

Asikae mtu juu ya tangi, wala kwenye ulimi wa tela, wala kwenye bawa la tairi la trekta. Watoto ndio hupenda kudandia, na ndio wasiokuwa na nguvu ya kushika maji yanapopiga ukuta. Anayeanguka kutoka kwenye ulimi anaanguka mbele ya gurudumu la tela, na dereva hamwoni.

Ukitaka kulifungua tela lenye maji, kwanza weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yake. Kisha weka kigogo cha kuegemea chini ya ulimi, na kama ardhi inateremkia nyuma, kingine chini ya mkia wa tela. Maji yaliyobaki yakikimbilia nyuma mara pini inapotoka, ulimi unaruka juu na kumkuta aliyeinama usoni. Njia nzuri zaidi ni kumaliza maji kwanza, ndipo utoe pini. Na yale mawe, ndugu dereva, yaondoe barabarani ukimaliza. Usiku yuko mwenye baiskeli anayepita hapo bila taa.