Ibrahimu Aliamka Mapema: Subira ya Ahadi na Utii Usiochelewa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliutazama mwito wenyewe: Abramu, aliyekuja kuitwa Ibrahimu, anaambiwa aiache nchi yake, jamaa zake na nyumba ya baba yake, aende asikokujua. Leo tuingie katika lililo gumu zaidi, yaani miaka iliyofuata. Kuondoka ni kazi ya siku moja. Kukaa ndani ya ahadi ambayo haijatimia ni kazi ya maisha, na hapo ndipo waumini wengi, Ngara, Biharamulo na kwingineko, tunapoishiwa pumzi.

Tuanze na hesabu. Abramu alitoka Harani akiwa na umri wa miaka 75. Isaka alizaliwa baba yake ametimiza miaka 100. Ni miaka 25 ya kungoja, na Kitabu cha Mwanzo hakitusimulii sehemu kubwa ya miaka hiyo. Sura ya 16 inakwisha mzee ana miaka 86, Hajiri amemzalia Ishmaeli. Sura ya 17 inafunguka ana miaka 99. Kati ya mstari na mstari imepita miaka 13, wala hatuambiwi kwamba katika muda huo Mungu alimwambia neno lolote. Sisi tunaivuka kwa kupepesa macho. Yeye aliiishi siku kwa siku, akichunga mifugo, akimlea kijana, akilala hemani katika nchi aliyoahidiwa yote, ambayo hakuwa na hata kijishamba ndani yake.

Sasa tumtazame mzee huyo huyo anapopewa agizo. Alipoamriwa tohara, alitahiriwa yeye, Ishmaeli na wanaume wote wa nyumba yake siku ile ile. Wageni watatu walipotokea Mamre wakati wa jua kali, alipiga mbio kuwalaki, akaenda hima hemani kumwambia Sara akande unga, akakimbilia kundini kuchagua ndama. Ana miaka 99, na anakimbia! Hata alipotakiwa kumtoa mwanawe, agizo zito kuliko yote, aliamka asubuhi na mapema, akatandika punda, akapasua kuni, akashika njia ya Moria, mwendo wa siku tatu. Ndugu zetu Waislamu nao huukumbuka utii huo wa Nabii Ibrahim kila mwaka katika Idd el Hajj.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Wengi hudhani mtu mwenye subira ni mpole wa mwendo, na mtu wa haraka hana subira. Ibrahimu alikuwa na vyote viwili kwa sababu alijua kila kimoja mahali pake. Haraka ni ya amri, subira ni ya ahadi. Amri imewekwa mikononi mwetu. Ahadi imebaki mikononi mwake aliyeitoa. Sisi tumevibadilisha mahali. Mtu anajua bila shaka yoyote kwamba anapaswa kupatana na ndugu yake aliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba, lakini anasema tungoje wakati wa Mungu. Mtu huyo huyo akiomba apate mtoto, kazi au uponyaji, mwezi wa pili ukipita kimya anahama kanisa, au anakwenda kwa mganga usiku, au anampelekea fedha mhubiri anayemwahidi muujiza kabla ya Jumapili.

Mkulima wa kahawa wa Ngara analielewa jambo hili kuliko wahubiri wengi. Mvua za vuli zikishika, mche unaingia ardhini bila kuahirishwa, kwa kuwa uliochelewa hukutwa na kiangazi kabla haujashika mizizi. Baada ya hapo ni palizi na matandazo, miaka mitatu au zaidi, ndipo debe la kwanza lichumwe.

Ibrahimu naye alijikwaa mara moja mahali hapa, na tusimfichie. Baada ya kukaa Kanaani miaka 10, Sarai alimpa Hajiri, mjakazi wake Mmisri, apate mtoto kwake. Kwa desturi za zama zile halikuwa jambo la ajabu. Wala wazee wale hawakuwa wameacha kuamini. Walitaka kuisaidia ahadi ifike. Lakini aliyelipa gharama hakuwa Abramu wala Sarai. Alikuwa Hajiri, aliyeteswa hata akakimbilia jangwani na mimba yake, na huko Mungu akamwona. Mcha Mungu akiikimbiza ahadi kwa nguvu zake, mara nyingi anayeumia ni mtu wa pembeni asiye na sauti: mke wa kwanza, mtoto wa kambo, mfanyakazi wa ndani. Natamani jambo hili lisemwe zaidi katika mimbari zetu.

Historia ya Ukristo wa pande hizi ina ushahidi wake. Mwaka 1929 Joe Church, daktari wa misheni ya Gahini, mashariki ya Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoikumba nchi ile. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Hapakutokea kishindo. Miaka ilipita Gahini kukiwa na mivutano hospitalini na watu wachache waliodumu katika maombi. Mmoja wao, Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifariki Januari 1936, moto wa Uamsho wa Afrika Mashariki ukiwa ndiyo kwanza unashika. Muda si mrefu Uamsho ukavuka mipaka, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umeingia Tanganyika kupitia Katoke, katika sehemu hii yetu ya magharibi ya ziwa.

Watu huzikumbuka nyimbo na machozi ya Uamsho. Mimi naona alama yake kubwa ilikuwa urudishaji. Mtu aliyeungama usiku alionekana kesho yake njiani, amebeba jembe, shuka au fedha alizoiba, anazipeleka kwa mwenyewe na kutaja kosa lake kwa jina. Hakungoja kongamano wala hakuunda kamati. Waliongoja miaka kwa maombi ndio hao hao wasioweza kungoja hata siku moja kurudisha jembe la mtu.

Kwa upande wa Wakatoliki yuko Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge tangu 1969 hadi 1996. Alishika uaskofu miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, wakati viongozi wengi wa dini waliutazama ujamaa kwa mashaka, wakihofia kwamba ukomunisti ulikuwa unabisha hodi. Mwoleka aliutazama kwa jicho lingine. Aliamini kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa ili tuumize vichwa kuufumbua kama kitendawili; ulifunuliwa ili tuuige, kwa kuwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wanashirikiana uhai wote. Kama ndivyo, Mkristo ashirikiane maisha na jirani yake. Hakuishia kuandika waraka. Alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akawa analima na wanakijiji, huku akiendelea na kazi za jimbo.

Hapa inabidi tutenganishe mambo. Sera ya serikali si ahadi ya Mungu, na yale ya katikati ya miaka ya 1970, watu walipohamishwa vijijini kwa nguvu, hayawezi kupakwa rangi ya utakatifu. Vijiji vile kama mashamba ya pamoja havikudumu, na Mwoleka aliishi hata akaliona hilo. Alifariki mwaka 2002. Ukimpima kwa mavuno ya shamba la Nyabihanga utasema alishindwa. Mimi nampima kwa kile alichoamriwa. Alisikia kwamba maisha ni ya kushirikiana, akachukua jembe. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizipa jumuiya ndogondogo za Kikristo kipaumbele cha kichungaji, na leo katika vigango vya Ngara na Biharamulo majirani wanakutana nyumba kwa nyumba, wanasoma Injili, wanapanga nani akamlimie mjane na nani akamuuguze mgonjwa. Mwoleka alikuwa mmoja wa waliolima njia hiyo mapema.

Na wapo wasio na cheo chochote, wenyeji wa Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, wakajaa Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Ndani ya umati ule walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo wenye damu ya mauaji ya kimbari mikononi. Mwenyeji wa Ngara hangeweza kuwatenga kwa kuwatazama. Agizo la kumpokea mgeni lilimfika kama lilivyomfika Ibrahimu pale Mamre, bila taarifa ya wiki mbili. Kilichofuata kilikuwa kirefu na kigumu: misitu ilikatwa kwa kuni, mazao yaliibwa mashambani, na hali hiyo iliendelea hadi Wanyarwanda waliporudishwa kwao Desemba 1996. Subira ya wenyeji wale haijaandikwa vya kutosha.

Turudi kwa Ibrahimu, mahali ambapo huwa tunapapita mbio. Sara alifariki Hebroni akiwa na miaka 127. Mumewe alikuwa na 137. Imekwisha pita miaka 62 tangu Harani. Akaenda kwa Wahiti kuomba mahali pa kumzika. Efroni, mmoja wao, alimwambia shamba na pango lake amempa tu. Ibrahimu akakataa, akampimia shekeli 400 za fedha mbele ya watu langoni pa mji, akamilikishwa shamba la Makpela, pango lililomo na miti iliyokuwa mpakani. Aliyeahidiwa nchi nzima akawa na kaburi, tena la kununua kwa bei kamili.

Angeweza kumrudisha mkewe Harani, kwenye ndugu. Hakufanya hivyo. Alimzika ndani ya ahadi, na baadaye Isaka na Rebeka, Yakobo na Lea wakalala hapo hapo. Yakobo, akifa ugenini Misri, aliwaagiza wanawe wambebe hadi Makpela, kwa kuwa babu yake Ibrahimu aliwaachia mahali pa kurejea. Barua kwa Waebrania, sura ya 11, inasema watu hao walikufa hawajazipokea ahadi, bali waliziona kwa mbali na kuzishangilia. Ibrahimu hakuketi kuomboleza kwamba amepata kidogo. Sura inayofuata ya Mwanzo inamkuta anamwapisha mtumishi wake aende kumtafutia Isaka mke, na mtumishi anaondoka na ngamia kumi.

Sehemu ya tatu itamfuata Isaka huko Gerari, wakati wa njaa, alipokatazwa kushuka Misri, naye akapanda mbegu katika nchi ile ile iliyokuwa na njaa.