Thamani ya Senti Iliyochakaa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kati ya vitu vinavyodharauliwa katika nyumba zetu hapa Karagwe na Kyerwa, sarafu ya zamani yashika nafasi ya mbele. Haipokelewi dukani, haing'ai, na mara nyingi maandishi yake hayasomeki upesi. Watoto huichezea. Fundi huiweka chini ya kichwa cha msumari anapopigilia bati, kwa kuwa ina tundu katikati. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita na mizani yake, huichukua pamoja na sufuria iliyotoboka. Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji kwa nini sarafu hiyo yafaa itazamwe vizuri kabla ya kutupwa, na kwa nini ile ndogo na chafu mara nyingi hutufundisha mengi kuliko ile kubwa na safi.

Yafaa kwanza tujue zilikotoka. Zamani za wafalme wa Karagwe waliokaa Bweranyange, sarafu hazikuwa zikitumika huku. Mwingereza Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, biashara ya bara ilifanywa kwa nguo, shanga, nyaya za shaba na simbi zilizotoka pwani ya Bahari ya Hindi. Simbi zilitobolewa na kutungwa katika kamba ili zihesabike kwa urahisi. Huko Buganda kamba moja ilikuwa na simbi mia. Hata leo Waganda huita fedha ensimbi, ingawa simbi zenyewe hazinunui kitu.

Kisha wakaja Wajerumani na rupia yao. Mwanzoni rupia moja iligawanywa katika pesa 64, na tangu mwaka 1904 ikagawanywa katika Heller 100. Ndipo tulipopata neno "hela", ambalo kila mtu hulitaja kila siku bila kujua kwamba anataja sarafu ndogo ya Kijerumani. Neno "pesa" nalo lilitoka Bara Hindi, na "sumni" latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walileta florini mwaka 1920, na mwaka uliofuata shilingi ya senti mia. Shilingi hiyo ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na mwaka huo huo tukapata sarafu zetu wenyewe: senti tano yenye picha ya samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru.

Sasa msomaji ataniuliza: kwa nini nasifu ndogo na kuacha kubwa? Sababu ni hii. Sarafu kubwa haikukaa mikononi mwa mtu wa kawaida. Kodi ya nyumba ilipotangazwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1897, rupia ndiyo iliyotakiwa. Mkulima aliipata leo na kesho akaipeleka bomani. Lakini senti na hela zilinunua chumvi, kibiriti na sindano. Zilifungwa katika pindo la kitambaa, zikapita mkono hadi mkono sokoni, zikadondoka njiani na kufukiwa na mvua. Kuchakaa kwake kwatuonyesha jinsi zilivyotumika. Sarafu ambayo bado ni kali kama mpya huenda ilikaa sandukuni tu.

Hebu tuchukue mfano wa senti kumi yenye tundu, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi katika vijiji vyetu. Upande mmoja ina pembe mbili za ndovu zilizozunguka tundu. Zote zafanana machoni, lakini ukisoma maandishi utaona tofauti kubwa. Ile ya mwaka 1936 yaweza kuwa na jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu kabla ya kutawazwa, na kwao Uingereza sarafu zenye jina lake hazikutolewa zitumike. Lakini senti zetu hazikuhitaji picha ya uso wake, kwa sababu ya lile tundu. Basi zilitengenezwa mapema na kusambazwa. Kwa hiyo mwanamke aliyeuza ndizi sokoni alikuwa na jina la mfalme huyo mkononi, na mtu wa London hakuwa nalo.

Tazama tena senti kumi ya mwaka 1942. Yasema kwamba Mfalme George wa Sita ni mfalme na pia mtawala wa dola la India. Ile ya mwaka 1951 yamwita mfalme tu. Habari ya India imeondolewa, kwa sababu India ilipata uhuru mwaka 1947. Ile ya mwaka 1956 ina jina la Malkia Elizabeth wa Pili. Na ile ya mwaka 1964 haina jina la mtawala ye yote, maana wakati huo Tanganyika, Uganda na Kenya zote zilikuwa zimekwisha kujitawala. Mwanafunzi akiziweka senti hizo mezani kwa mfuatano, ameona kwa macho yake somo ambalo katika kitabu cha historia lingechukua kurasa nyingi.

Hata sarafu yenye sura mbaya ina habari yake. Mwaka 1916 manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, na fedha kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Wajerumani wakatengeneza sarafu zao katika karakana ya reli huko Lulanguru, karibu na Tabora. Walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, idadi yake karibu 16,000 tu. Na kwa matumizi ya kila siku walipiga hela 20 za shaba, nyingine kwa shaba ya maganda ya risasi. Hela hizo zimepigwa vibaya, kingo zake hazilingani, na herufi nyingine zimekaa upande. Lakini ubaya huo ndio ushahidi wa shida ya vita. Mtu atakayezichonga na kuzipiga msasa ili zipendeze atakuwa amefuta ushahidi wenyewe.

Hapa nafika katika jambo ambalo ningependa wenzangu walishike sana, nalo ni habari ya kusugua. Tukipata sarafu nyeusi, hamu yetu ya kwanza ni kuisugua kwa mchanga, majivu au limau mpaka ing'ae. Tufikiri kama tulivyofundishwa katika somo la kemia. Senti nyingi za wakati wa Waingereza zilikuwa za shaba iliyochanganywa na bati, madini yale yale yanayochimbwa wilayani Kyerwa. Shaba ikikaa hewani huungana na oksijeni na kupata ngozi ya rangi ya kahawia. Ikikaa penye unyevu kwa muda mrefu hupata rangi ya kijani. Kutu ya chuma hubanduka na kuendelea kula chuma mpaka kiishe, lakini ngozi hii ya kahawia hushikamana na shaba na kuikinga. Asidi ya limau huiyeyusha, na mchanga huondoa pamoja nayo vichwa vya herufi na tarakimu za mwaka. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa kwa siku chache, kisha huwa nyeusi tena, na safari hii haisomeki kabisa. Ikiwa ina matope, yatosha kuiosha kwa maji safi na kuikausha kwa kitambaa laini.

Jambo la pili ni mahali ilipookotwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa ndogo za shaba. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa karne ya 14, ilifukuliwa katika magofu ya Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa, nayo ikathibitisha jinsi miji hiyo ilivyofungamana kwa biashara. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kadhaa katika kisiwa kimoja cha Wessel, kaskazini ya nchi ile, na tano kati yake zikawa za Kilwa. Aliziweka katika kikopo zaidi ya miaka 30 kabla ya kuzipeleka kwa wataalamu. Mpaka leo wataalamu wanabishana jinsi zilivyofika huko. Lakini wanaweza kubishana kwa sababu askari yule aliweka alama katika ramani. Asingefanya hivyo, pasingekuwa na mahali pa kwenda kutafuta habari zaidi.

Yafaa pia niseme jambo moja kwa wazazi wetu. Kuna uvumi kwamba rupia za Mjerumani huuzwa kwa mamilioni, na watu wengi wamelaghaiwa kwa uvumi huo. Wengine hata wamechimba misingi ya nyumba za kale. Kweli zipo sarafu chache zenye bei kubwa, kama ile ya dhahabu ya Tabora. Lakini senti zenye tundu zilitengenezwa kwa mamilioni na bei yake ni ndogo. Thamani yake kwetu ni ya elimu. Tena mwenye kuuza kwa kilo hapati hata bei ya daftari.

Bibi yangu anazo senti tano katika kikopo cha chai. Nilipomwuliza, aliichagua moja na kuniambia, "Mjukuu wangu, hii nilipewa na baba siku alipouza kahawa yake, na sikuila." Neno hilo halikuandikwa juu ya sarafu, wala hakuna mtaalamu awezaye kulisoma humo. Nililiandika siku ile ile katika karatasi, pamoja na jina la kijiji na mwaka uliopigwa chapa, nikaikunja na kuitia ndani ya kikopo. Wazee waliozitumia senti hizi utotoni sasa wana miaka sabini na themanini.

Basi, ndugu wanafunzi, likizo inakuja. Mtakapokwenda nyumbani, iwe Kayanga, Nyaishozi, Kaisho, Nkwenda au Murongo, waulizeni wazee kwa adabu kama wana sarafu za kale. Msiwaombe wazitoe, wala msizisugue. Someni mwaka na jina, chukueni karatasi nyembamba na kuipaka penseli juu ya sarafu mpaka sura yake itokee, kisha andikeni habari mtakazoambiwa. Nawaomba walimu wetu wa historia watupe ubao mmoja katika maktaba wa kubandika karatasi hizo. Sarafu zenyewe zibaki kwa wenyewe. Sisi tutakuwa na habari zake.