Lori Limetoka Gereji, Mbona Halipandi Mlima?



Miongoni mwa mashauri yanayoletwa kwenye dawati letu la uhusiano wa polisi na jamii ni ugomvi kati ya wenye malori na mafundi. Shauri moja lilihusu lori dogo la petroli lililokuwa likipeleka mahindi kwenye mpaka wa Suam. Injini yake ilikuwa imetoka kubadilishwa ringi za pistoni na gasketi ya silinda hedi. Wiki mbili baadaye, likiwa limesheheni, liliishiwa nguvu kwenye mwinuko na kuanza kurudi nyuma, huku watu wameketi juu ya magunia. Utingo aliwahi kuweka jiwe chini ya gurudumu, na hakuna aliyeumia. Mwenye lori alikuja kituoni akitaka fundi akamatwe.

Injini ilipopimwa, ilionekana kuwa nzima. Kilichokuwa kimeziba ni kifaa cha kusafishia moshi, yaani katalitiki konveta, ambacho mafundi wengi hukiita masega. Tumeona vyema tueleze jinsi hitilafu hiyo inavyotambuliwa, ili fedha zisipotee, maisha yasihatarishwe na fundi asiyekuwa na hatia asishitakiwe.

Masega hufanya kazi gani?

Ndani ya kopo la chuma lililoungwa kwenye bomba la moshi mna kauri yenye matundu madogo mfano wa sega la nyuki. Kauri hiyo imepakwa madini ya thamani, yaani platini, paladiamu na rodiamu, ambayo hugeuza gesi zenye sumu, ikiwemo kaboni monoksidi, kuwa gesi zisizo na madhara makubwa kama hayo. Matundu yakiziba, moshi hukosa njia ya kutoka, na injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya.

Dalili

Dalili ya mvua ni mawingu. Lori huwaka vizuri na kutulia likiwa limesimama, lakini huishiwa nguvu likibeba mzigo au likipanda mlima. Joto huzidi chini ya gari, na pengine kopo huwa jekundu usiku. Huenda pakatoka harufu ya mayai yaliyooza. Taa ya injini huweza kuwaka kwenye dashibodi, na mashine ya uchunguzi ikaonyesha namba P0420.

Namba hiyo si hukumu

Namba P0420 humaanisha kwamba kompyuta ya gari haioni masega yakifanya kazi ipasavyo. Baada ya injini kufunguliwa, zipo sababu nyingine zinazoweza kuleta ujumbe huohuo. Kwa hiyo, mwombeni fundi afuate utaratibu huu:

1. Akague kama moshi unavuja kwenye maungio ya bomba, hasa gasketi ya mahali linapoungana na injini. Hewa ikiingia hapo, sensa ya oksijeni hudanganyika.

2. Ahakikishe kwamba nyaya za sensa zimerudishwa mahali pake na hazijaungua.

3. Injini ikiwa imepoa, agonge kopo taratibu kwa nyundo ya mpira. Likitoa mlio wa vipande vinavyocheza ndani, kauri imevunjika.

4. Apime shinikizo la moshi kwa geji kupitia tundu la sensa iliyo mbele ya masega. Kwa kawaida, injini ikiwa katika mzunguko wa chini, kipimo kisizidi pauni 1.5 kwa inchi ya mraba. Ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kisizidi takriban pauni 3. Kipimo kikipanda sana, bomba limeziba.

Chanzo kitafutwe kwanza

Mara nyingi masega huuawa na kitu kingine. Silinda isipowaka, petroli mbichi huingia kwenye bomba na kuungulia humo, na joto laweza kupita digrii 1,000 na kuyeyusha kauri. Oili inayopita kwenye ringi zilizochakaa huacha majivu. Maji ya rejeta yanayovuja kupitia gasketi iliyopasuka huharibu yale madini, na gundi ya silikoni isiyofaa kwa sensa hufanya vivyo hivyo.

Tazameni basi: huenda lori la Suam liliharibika masega yake zamani, wakati gasketi na ringi mbovu zilipokuwa bado ndani, nalo likajionyesha baada ya matengenezo. Hapo fundi hana kosa. Lakini kama plagi moja haiwaki tangu siku ya matengenezo, anapaswa kuirekebisha. Kufunga masega mapya kabla ya kuondoa chanzo ni kununua ugonjwa uleule mara ya pili.

Usalama na sheria

Lori likionyesha dalili hizi, lisipakiwe mizigo wala abiria hadi lipimwe. Lisiegeshwe juu ya nyasi kavu, kwa kuwa joto la kopo laweza kuwasha moto. Injini isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwani kaboni monoksidi haina harufu na huua.

Kabla ya kazi, andikianeni kitakachofanywa na bei yake, kisha mchukue risiti na kifaa cha zamani. Masega hata yakiwa mabovu yana thamani, na wapo wanaoyakata kwenye magari ya watu na kuyavusha mpaka. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakumbuke kwamba kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai pande zote mbili, Uganda na Kenya. Mkiona mtu akiuza masega bila maelezo ya kueleweka, toeni taarifa kituoni au pigeni 999.

Fundi na mwenye lori wanategemeana. Kabla ya kuja kwetu kushtakiana, piteni kwanza kwenye geji. Shauri la Suam lilimalizika hivyo: shinikizo lilipimwa mbele ya wote wawili, wakapatana gharama, na lori likarudi barabarani.