Mkabidhi mtu kibanja, si funguo tu

Ndugu msikilizaji, wiki hii napenda tuzungumze juu ya safari. Sina maana ya safari ya kwenda mnadani asubuhi na kurudi jioni. Nazungumzia zile safari za miezi. Mama anampeleka mgonjwa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Bibi anakwenda Dar es Salaam kumwangalia binti aliyejifungua. Kijana anavuka mpaka kwenda Uganda kutafuta maisha. Kwetu Mabira, safari za namna hii hazikosekani.

Wengi wetu hujiandaa kwa nauli, nguo na kahawa ya kutafuna ya kuwapelekea wenyeji. Siku ya kuondoka tunafunga mlango kwa kufuli, tunampa jirani funguo, basi. Lakini sehemu kubwa ya mali ya mtu wa Mabira haiko ndani ya nyumba. Iko nje, katika kibanja, na kibanja hakifungwi kwa kufuli.

Tuanze na migomba. Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukatambuliwa hapa mkoani Kagera. Ni ugonjwa wa bakteria na hauna dawa. Majani hunyauka na kugeuka manjano, na ndizi huiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza. Ugonjwa huu husambazwa na wadudu wanaotembelea maua, na husambazwa pia na panga. Hapo ndipo msafiri anapopaswa kufikiri. Mtu unayemwachia kibanja leo anapogolea kwako, jana alikuwa kwa mwingine, na panga ni lile lile. Anaweza kukuletea ugonjwa huku akikutendea wema.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, pita mgomba hadi mgomba. Mkungu ukishatoa chane la mwisho, vunja lile ua linaloning'inia chini yake kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa kisu. Kisha mwachie mwangalizi panga la kibanja chako, na mkubaliane kwamba hilo ndilo litakalotumika humo peke yake. Akilazimika kutumia jingine, alipitishe kwenye moto mpaka lipate moto sawasawa. Na mwoneshe dalili za ugonjwa kwa kidole, usimweleze kwa mdomo tu.

Jambo la pili ni kahawa. Safari ya ghafla huja na shida ya nauli, na shida ya nauli humleta mnunuzi wa butura, yaani yule anayenunua kahawa ikingali mtini. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo miaka nenda miaka rudi, lakini mwenye mgonjwa hasomi matangazo. Ninachosema ni hiki: ukiuza kahawa changa ili usafiri, utarudi umechoka, tena huna cha kuanzia. Ni nafuu kuuza mbuzi mmoja, au kukopa kwenye kikundi kwa maandishi. Na kama mavuno yatakukuta ugenini, iambie familia, na chama chako cha msingi pia, ni nani atakayepeleka kahawa na nani atakayepokea fedha.

La tatu ni ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaeleza ni lini ardhi ya kimila inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Mojawapo ni pale ambapo haikutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano. Nyingine ni pale mwenye ardhi anapoondoka nchini bila kuweka mtu wa kuiangalia na bila kuiarifu halmashauri ya kijiji. Ni kweli, kabla ya kuamua, halmashauri hutakiwa kutoa ilani na kuibandika kwenye ardhi hiyo, ili mwenye maslahi ajitokeze. Lakini wewe uliye ng'ambo ya mpaka utaisomaje ilani iliyobandikwa Mabira?

Dawa yake ni karatasi moja. Andika jina la mwangalizi, eneo na mipaka, muda wa safari, na mambo anayoruhusiwa kufanya. Ale ndizi na avune maharage, lakini asiuze, asikate miti, wala asipande zao la kudumu bila idhini yako. Majirani mnaopakana nao waweke sahihi. Nakala moja ibaki ofisi ya mtendaji wa kijiji, moja kwa mwangalizi, na moja uondoke nayo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nawaomba akina baba wanisikilize vizuri hapa. Mume anayemwacha mke nyumbani asimwandikie kaka yake karatasi hiyo. Amwandikie mkewe. Ndiye anayelima kibanja hicho, na ndiye anayejua kila shina. Tumeshuhudia migogoro mingi iliyoanza siku shemeji alipokabidhiwa kijuujuu, na mwenye mali akafia safarini.

Nyumba nayo ina haki yake. Kama safari itaangukia mvua za Machi hadi Mei, au zile za Septemba hadi Desemba, zibua mitaro mapema ili maji yasile msingi. Chomoa vyombo vyote vya umeme, maana radi za kwetu hazina mzaha. Maharage na mahindi yaanike yakauke kabisa ndipo uyafunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo utarudi ukute unga wa wadudu. Mbuzi wahesabiwe mbele ya shahidi, na mkubaliane mapema mzao atakuwa wa nani. Usiku wa mwisho hakikisha moto wa jikoni umezimwa kwa maji, usifukiwe kwa majivu.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji siku mbili tatu, kalamu, na mtu mwaminifu. Ukimpata mtu huyo, usisahau kumletea kitu. Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.